Pizza ya kufungiwa mtaani Chicago: maswali mnayouliza kila mara kuhusu maoni ya wateja

Maswali haya yametoka kwenye kundi letu la WhatsApp la Waswahili wa Chicago. Kila wiki kuna mgeni anayerusha picha ya ukurasa wa maoni ya duka fulani la pizza la siku nyingi na kuuliza, "Jamani, hapa panalika?" Nimechoka kuandika jibu lilelile kwa kidole gumba, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Mimi si mpishi. Ni mteja tu wa miaka mingi wa duka moja la kona, kusini mwa jiji. Jina lake sitalitaja kwa sababu nitalisifu na pia nitalisema.

Duka la pizza la kufungiwa ni lipi hasa?

Ni lile lisilo na viti. Unafungua mlango, kaunta iko mbele yako, oveni iko nyuma yake, na pembeni kuna benchi moja la kungojea. Unaagiza kwa simu, unatajiwa dakika, unafika, unalipa, unabeba. Kibao cha nje kimeandikwa "carry-out". Dar tungesema "nifungie" na mambo yakaisha.

Mengi yalianzishwa na familia zenye asili ya Italia, hasa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Italian Fiesta, lile ambalo familia ya Obama inajulikana kulipenda, lipo tangu 1947. Home Run Inn ilianza kama baa mwaka 1923, na pizza ikaja 1947. Leo ukichungulia nyuma ya kaunta, anayekanda na kukata mara nyingi ni mtu mwenye asili ya Meksiko aliyekaa hapo miaka ishirini, na mkono wake ndio ladha unayoisifu.

Mbona nilisikia pizza ya Chicago ni nene kama keki, na hii ni nyembamba kama chapati ya jana?

Ile nene ipo kweli. Ilizaliwa Pizzeria Uno mwaka 1943, katikati ya jiji, na ndiyo wanayopiga picha watalii. Mtaani watu wanakula nyembamba. Chimbuko lake ni baa: mwenye baa alitoa vipande vya pizza yenye chumvi bei chee, au bure kabisa, ili mnywaji apate kiu na aagize bia nyingine. Sahani hazikuwepo, ndiyo maana vipande ni vidogo vya mraba, vya kushika kwa karatasi ya kufutia mikono.

Hili ni la kwanza kulijua kabla hujasoma maoni ya mtu yeyote. Duka la zamani likipewa nyota moja na mtu anayelalamika kwamba ameletewa "biskuti", mara nyingi huyo ni mgeni aliyekuja kutafuta keki. Duka halikukosea. Ni kama mtu aingie kwa muuza mihogo akasirike hakuna viazi.

Na kukata mraba? Kuna watu wamekasirika kabisa.

Watakasirika hadi kiama. Vipande vya katikati havina ukingo wa kushika, vya pembeni ni vidogo sana, na watoto hugombania vile vya pembe tatu vilivyobaki kwenye duara. Ukitaka ikatwe kama ya New York, sema unapoagiza. Wengine watakukubalia. Wengine watakutazama tu.

Wanasema imeungua chini. Je, ni uzembe?

Hapa inategemea wewe ni mtu wa namna gani kwenye sufuria ya wali. Kama mnagombania ukoko nyumbani kwenu, hii ndiyo pizza yenu. Donge la unga husukumwa likawa jembamba, na maduka mengi hulilaza kwenye friji likauke kidogo kabla ya kutumika, ndiyo maana likiingia kwenye oveni linatoka kavu na la kuvunjika. Chini mara nyingi hunyunyizwa unga wa mahindi, ule ule wa ugali ila wa chembe kubwa, lisigande. Sosi na jibini huenda karibu hadi ukingoni, kwa hiyo jibini la pembeni huchemka, hugeuka kahawia, mahali pengine jeusi. Wenyeji huomba hivyo kwa makusudi. Ukiagiza, sema "well done" nao wataiacha ndani dakika chache zaidi.

Kuungua kubaya kupo. Geuza kipande. Ukiona madoa meusi hapa na pale juu ya kahawia, kula. Ukiona kote ni mkaa na mkono wako umebaki na masizi, irudishe, na usione haya.

Duka lina nyota tatu na nusu. Nisiende?

Nenda. Mimi ninayoiogopa ni nyota tano kamili kwa duka la miaka hamsini, kwa sababu hakuna duka la miaka hamsini ambalo halijawahi kumuudhi mtu.

Nyota zina nguvu, sisemi hazina. Mtafiti Michael Luca, alipokuwa Harvard, alichunguza migahawa ya Seattle na kuona kwamba nyota moja zaidi kwenye Yelp, tovuti ya maoni ya wateja, iliongeza mapato kwa asilimia 5 hadi 9, na nguvu hiyo aliiona kwa migahawa ya watu binafsi, si kwa yenye matawi kila mahali. Yaani mzee wa kona ndiye anayeumia au kunufaika. Kila mtu anajua pizza ya kampuni kubwa itakuwaje, hahitaji kuuliza.

Lakini wastani huo una mambo yake. Yelp huyatenga maoni ambayo programu yake haiyaamini, huyaficha nyuma ya kiungo kilicho chini kabisa ya ukurasa, na hayahesabiwi kwenye nyota. Mtu aliyefungua akaunti leo ili kumsifu jirani yake anaweza kutengwa hivyo, hata kama anasema kweli. Mimi huteremka hadi huko chini nikasome. Mara nyingine ndiko waliko wazee wa mtaa, wale walioandika mara moja tu maishani mwao.

Kwa nini kila ukurasa una mtu anayesema "si kama zamani"?

Hili ndilo swali lenyewe, na nitakaa nalo.

Duka la siku nyingi halishindani na duka la mtaa wa pili. Linashindana na kumbukumbu. Miaka ya 1960 na 1970 familia nyingi za kizungu zilihama kusini na magharibi mwa Chicago kwenda miji ya pembezoni, na watoto wao, ambao leo ni wazee, bado wanaendesha gari saa nzima kuja kuchukua pizza ya utotoni. Mtu huyo anapofungua mfuko anatafuta Ijumaa ya baba yake aliyetoka kazini na mshahara. Hakuna jibini litakalomrudishia hiyo. Anaandika "imebadilika", anatoa nyota mbili, na wiki ijayo anarudi. Nimewaona. Wanasimama kwenye foleni wakilalamika, na mfuko wameukumbatia kama mtoto.

Upande wa pili, mara nyingine imebadilika kweli. Jibini likipanda bei, mwenye duka ana njia tatu: apandishe bei, apunguze jibini, au anunue la bei rahisi. Mzee akifariki, watoto huuza duka pamoja na jina, na mnunuzi huanza kubana matumizi kidogo kidogo. Oveni ya zamani ikifa na kuwekwa ile ya mkanda unaotembea, ukoko wa chini hubadilika hata kama mapishi hayakuguswa.

Utajuaje lipi ni lipi? Angalia kama mlalamikaji anataja kitu. Anayesema "si kama zamani" tu, huyo ana hamu ya nyumbani, mpe pole. Anayesema soseji zamani ilikuwa inamegwa mbichi kwa vidole na kuwekwa madonge, siku hizi ni chembe ngumu zilizokwisha pikwa kiwandani, huyo ni shahidi. Wakijitokeza watatu wakasema jambo hilohilo ndani ya miezi michache, amini. Halafu angalia tarehe: maoni ya miaka sita iliyopita yanaweza kuwa yanamzungumzia mwenye duka mwingine kabisa.

Malalamiko yapi wewe huyapuuza?

Kusubiri. "Waliniambia dakika 45, nikangoja saa na nusu." Siku gani? Kama ni siku ya fainali ya Super Bowl, au usiku wa kuamkia Thanksgiving, au Halloween, huyo alijitakia. Ijumaa za Kwaresima nazo ni balaa, kwa sababu Wakatoliki hawali nyama na mji huu una Wakatoliki wengi, kwa hiyo kila nyumba inataka pizza ya jibini saa kumi na mbili jioni. Lakini kama anasema alingoja hivyo Jumatano tulivu, na ni wa nne kusema, basi jikoni kuna tatizo.

Hupuuza pia anayelaumu duka kwa sababu ya mleta chakula wa programu ya simu, mwenye pikipiki au gari. Na anayelalamikia kwamba duka halipokei kadi huwa namsoma kwa nia ya kujua tu niende na pesa taslimu.

Mbona wanasema yule wa kwenye simu ana ukali?

Kwa sababu ana ukali. Duka letu kuna mama mmoja, sauti yake kama mlango wa bati. Anasema jina la duka, kisha "subiri", kisha unasikia tanuri likifungwa, mtu anacheka, kisu kinagonga ubao. Akirudi hataki habari za asubuhi. Anataka: ukubwa, juu yake nini, jina, basi. Sisi tuliofundishwa kwamba huwezi kuomba kitu kabla hujaulizia afya ya watu wa nyumbani, mwanzo tunaumia. Nilimpigia mara tatu nikianza na salamu ndefu, na mara zote tatu alinikata. Mara ya nne nikasema "kumi na nne, nusu jibini", na kwa mara ya kwanza akaniita "mpenzi". Hayo ndiyo mapatano.

Ukali wa haraka na dharau ni vitu viwili. Ukiona maoni yanayosema watu wa rangi fulani au lafudhi fulani walihudumiwa vibaya, hilo usilivute pembeni kama la kusubiri. Soma wangapi wamesema.

Nifanye nini kuhusu nyama? Sisi Waislamu tunaweza kula hapo?

Soma polepole, hapa watu wanaingia mkenge. Soseji tuliyoizoea Pwani ni ya ng'ombe au kuku. Chicago, ukisema "sausage" kwenye duka la pizza bila neno jingine, ni nguruwe, imetiwa shamari na kitunguu saumu. Ndiyo inayopendwa kuliko zote, kwa hiyo maoni mengi unayosoma ya "lazima ujaribu" yanaihusu hiyo. Peperoni ya kawaida nayo ni nguruwe na ng'ombe vikichanganywa.

Mimi niliagiza soseji mara yangu ya kwanza, kwa ujinga, nikiwa nimealika jamaa wawili wa Mombasa. Bahati njema mmoja wao alinusa kabla hajang'ata. Tukala mkate na chai.

Pizza ya jibini na mboga ipo kila mahali, ila uliza mambo mawili: je, wana kisu kingine cha kukatia, na jibini lao limegandishwa kwa kimeng'enya cha namna gani, cha mnyama au la. Duka la zamani lina kisu kimoja na oveni moja, na watakwambia ukweli ukiuliza. Kama hilo linakukwaza, panda hadi Devon Avenue, kaskazini, ambako maduka ya Wapakistani na Wahindi yamejaa na halali si ya kutafuta kwa tochi.

Kuna wanaosema bei imekuwa wizi.

Kwanza tazama walinunulia wapi. Programu za kuagizia chakula huchukua sehemu ya pesa kutoka dukani, na mara nyingi bei unayoiona humo si ile ya kaunta. Grubhub ilianzia papa hapa Chicago mwaka 2004. Novemba 2020, wakati wa korona, jiji liliziwekea kampuni hizi kikomo cha muda cha asilimia 15 kwa makato wanayowatoza migahawa, na Agosti 2021 likazishtaki Grubhub na DoorDash mahakamani. Mwenye duka letu amebandika karatasi mlangoni, imeandikwa kwa kalamu nene: piga simu. Ninamtii.

Pili, hesabu ya duara inadanganya macho. Pizza ya inchi 12 ina eneo la inchi za mraba 113 hivi. Ya inchi 16 ina 201, karibu mara mbili, wakati kwa jicho unaona ni kubwa kidogo tu. Ya inchi 18 ina 254, yaani inazishinda mbili za inchi 12 zikiwekwa pamoja. Anayelalamika kwamba alilipa ghali kwa ndogo, mara nyingi aliagiza ndogo mbili. Ongeza pia kodi, ambayo kwa chakula cha mgahawa hapa mjini inapita asilimia 10 na haiandikwi kwenye orodha ya bei.

Bakshishi je, wakati nimeibeba mwenyewe?

Si lazima. Kuna mtungi kaunta, wengi hutia dola moja au mbili. Atakayekuletea mlangoni, huyo mpe, na theluji ikianguka mpe zaidi.

Ilifika imelowa. Nani mwenye kosa?

Boksi, na pengine wewe. Pizza nyembamba ikifungiwa kwenye boksi inatoa mvuke, mvuke unarudi, ukoko unageuka kitambaa. Maduka ya zamani yana dawa yake: pizza huwekwa juu ya duara la karatasi ngumu, kisha yote huingizwa kwenye mfuko wa karatasi ya kahawia na kupigwa pini za stepla mdomoni. Mgeni akiuona, na madoa ya mafuta yakipanua duara zake kwenye karatasi, anadhani ni ufukara. Lakini karatasi inapumua. Wakikupa boksi, acha kifuniko wazi kidole kimoja ukiwa kwenye gari, na usiiweke kwenye kiti kilichoinama, kwa sababu jibini lote litahamia upande mmoja. Nilijifunza hilo kwenye kona ya pili tu kutoka dukani.

Nitajuaje kuhusu usafi bila kutegemea maneno ya watu?

Jiji lina wakaguzi wa idara ya afya, na matokeo yao yako wazi kwenye tovuti ya takwimu za jiji kuanzia 2010. Andika jina la duka au anwani. Utaona amepita, amepita kwa masharti, au amefeli, pamoja na maelezo ya mkaguzi. Kupita kwa masharti mara moja si jambo la kutisha. Kufeli mara mbili kwa sababu ya panya, mimi sirudi, hata kama ana nyota tano na picha ya meya ukutani. Ukiumwa tumbo baada ya kula, piga 311 kabla hujaandika popote.

Je, mengine si maoni ya kupangwa?

Yapo. Kanuni ya tume ya biashara ya serikali kuu, FTC, iliyoanza kutumika tarehe 21 Oktoba 2024, inakataza kuuza au kununua maoni ya uongo, na inamkataza mwenye biashara kujisifu akijifanya mteja. Ya uongo hunuka kwa jinsi yasivyo na kitu ndani: sifa tupu, jina la duka limerudiwa mara tatu, hakuna aliyesema alikula nini. Mtu wa kweli hukumbuka achari ya pilipili iliyomwagika kwenye suruali yake.

Na uhuru wako pia unalindwa: sheria ya mwaka 2016 inafuta kifungu chochote cha mkataba kinachomzuia mteja kutoa maoni yake ya kweli.

Naweza kuandika maoni kwa Kiswahili?

Andika. Mama mmoja wa Kikongo, jirani wa mtaa wa Rogers Park aliyepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, baada ya kuonja aliandika mstari mmoja tu: "Hii ni mukate tu, chakula iko wapi?" Ni maoni ya haki kuliko mengi niliyoyasoma. Alitegemea kushiba.

Inafanana na pizza ya Zanzibar?

Hata kidogo. Ile ya Forodhani ni unga uliovutwa ukawa kama karatasi, ukajazwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, ukakunjwa na kukaangwa kwenye chuma. Ni jamaa ya chapati. Zinafanana jina tu, na kwamba zote mbili huliwa zikiwa zinachoma vidole.

Mara ya kwanza niagize nini?

Ya inchi 14, jibini, achari yao ya mboga na pilipili iitwayo giardiniera pembeni kwenye kikopo, iachwe kwenye oveni iive sana. Jumatano jioni, kwa simu, pesa taslimu mkononi. Kula vipande viwili vya kwanza ndani ya gari kabla hujaondoka. Baada ya hapo ndipo uandike.

Ikibaki?

Isikae mezani zaidi ya saa mbili, iingie friji. Kesho yake usiipashe kwenye maikrowevu, itakuwa mpira. Weka kikaango kikavu juu ya moto mdogo, panga vipande, funika dakika nne hivi hadi jibini lilegee na chini kulie.

Wanafungua Jumatatu?

Wengi wa maduka ya kifamilia hupumzika Jumatatu au Jumanne. Piga simu kwanza, bila salamu ndefu.